Ngozi inawasha na krimu haisaidii: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko ya ngozi hufanana mno. Inawasha. Imekuwa kavu. Nilipaka, ikapoa, sasa imerudi kali zaidi. Nyuma ya maneno hayohayo kunaweza kuwa na ukurutu (wengi huuita pumu ya ngozi), upele wa wadudu, fangasi, mzio wa kitu unachokigusa kila siku, au mishipa ya damu ya miguuni iliyochoka. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja mara nyingi huharibu kingine. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa kile unachokiona na kukihisi. Majina ya magonjwa yatafuata.

Kabla ya kushika tyubu yoyote, jibu haya: inawasha wapi, ilianza lini, huzidi saa ngapi, nani mwingine anajikuna, na umeshapaka nini. Majibu hayo hufichua chanzo mara nyingi kuliko mwonekano wa vipele vyenyewe, kwa sababu ngozi iliyokunwa wiki tatu hufanana na ngozi nyingine yoyote iliyokunwa wiki tatu.

Jambo jingine ni rangi. Maelezo mengi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi, na pengine hauonekani kabisa. Weka mgongo wa kiganja chako uhisi joto, kisha pitisha vidole kutafuta ukavu na vipele vidogo vilivyokaa kwenye vishimo vya vinyweleo. Wagonjwa wenye ngozi nyeusi huambiwa mara nyingi kwamba ukurutu wao ni mdogo, wakati kilicho kidogo ni wekundu tu.

Yasiyosubiri

Acha kusoma uende hospitali leo ikiwa unaona mojawapo ya haya:

- Vidonda vidogo vya duara, vyote karibu ukubwa mmoja, vilivyochimbika kana kwamba vimetobolewa, vinavyouma kuliko kuwasha, na vimetokea ghafla juu ya ngozi yenye ukurutu. Mara nyingi huja na homa. Ni virusi vya hepesi vilivyosambaa juu ya ukurutu, na dawa ya virusi inatakiwa mapema. Vikiwa karibu na jicho, daktari wa macho ahusishwe siku hiyohiyo.
- Ngozi inayouma, kutoa malengelenge au kuchubuka yenyewe, pamoja na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, hasa kama umeanza dawa mpya ndani ya wiki chache zilizopita. Beba dawa zote unazotumia.
- Karibu mwili wote umebadilika rangi, una joto, unapukutika, na wewe unatetemeka kwa baridi.
- Eneo lenye joto, uvimbe na maumivu linalopanuka ndani ya saa chache, pamoja na homa.
- Midomo au ulimi kuvimba, au kupumua kwa shida.
- Mtoto mchanga mwenye malengelenge au usaha kwenye ngozi pamoja na homa, au anayekataa kunyonya.

Hakuna krimu ya nyumbani kwa lolote kati ya hayo.

Dalili: muwasho unaamsha usiku, na kuna mwingine nyumbani anayejikuna

Sababu ya kwanza ya kufikiria ni upele wa wadudu, yaani skabisi. Kidudu chenyewe hakionekani kwa macho ya kawaida. Jike huchimba ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai, na muwasho ni mwili unavyoupinga uchafu na mayai yake. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, muwasho huchelewa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo anayejikuna leo huenda alishawaambukiza wengine ambao bado wanajiona wazima.

Kagua kwanza. Tazama katikati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono, kwapani, kuzunguka kitovu, kiunoni, matakoni, kwenye chuchu na uume. Kwa mtoto mchanga tazama viganja, nyayo na hata kichwa. Mwanaume mwenye vinundu vinavyowasha kwenye uume au pumbu ana skabisi hadi ithibitike vinginevyo.

Dawa ya kawaida ni krimu ya permethrini ya asilimia 5. Mtu mzima hupaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na kwenye mikunjo yote, akaiacha saa 8 hadi 12, kisha akaoga. Watoto wadogo na wazee hupakwa na kichwani pia, kwa kuepuka macho na mdomo. Rudia baada ya siku 7. Mtoto wa chini ya miezi 2 na mama mjamzito waone mtoa huduma kwanza.

Dawa hii ikishindwa, kosa huwa ni lilelile: alipakwa mgonjwa peke yake. Kila anayelala nyumba hiyo apakwe usiku mmoja, anayewashwa na asiyewashwa. Nguo, shuka na taulo za siku hizo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au zifungwe kwenye mfuko wa plastiki angalau siku 3, kwa sababu kidudu hakiishi muda mrefu nje ya mwili. Kosa la pili ni kuhesabu muwasho uliobaki kama ushahidi kwamba dawa haikufanya kazi. Muwasho unaweza kuendelea hadi wiki 4 baada ya wadudu wote kufa. Kupaka permethrini kila siku nyingine kwa wasiwasi hukausha ngozi na kuleta muwasho mpya ambao hauna mdudu.

Sababu ya pili ni ukurutu wa kawaida, ambao nao huzidi usiku, lakini huwa na historia ndefu na watu wengine wa nyumbani hawajikuni. Ya tatu ni kunguni: vipele hukaa kwenye ngozi isiyofunikwa wakati wa kulala, mara nyingi vimepangana kwa mstari. Huyo hutafutwa kitandani, kwenye mishono ya godoro.

Simama ikiwa ngozi ya mtu mwenye kinga dhaifu au mzee imefunikwa na magamba mazito. Hiyo ni aina ya skabisi yenye wadudu maelfu, huambukiza kwa urahisi sana, na hutibiwa kwa vidonge na krimu kwa pamoja chini ya daktari.

Dalili: mikunjo inawasha, hali inakuja na kuondoka tangu utotoni

Huu ndio ukurutu wenyewe, aina ya atopia, yaani unaoendana na mwelekeo wa mzio katika familia. Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, na sehemu ya nepi husalimika. Akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na vifundoni. Mara nyingi kuna mtu katika familia mwenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu uleule. Tatizo la msingi ni ngozi isiyozuia maji kutoka wala viwashi kuingia. Mwaka 2006 watafiti walionesha kwamba hitilafu katika jeni la protini iitwayo filagrini huongeza hatari yake, ingawa si kila mwenye ukurutu ana hitilafu hiyo. Hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu hatakiwi kutengwa shuleni wala kunyimwa kushikwa mkono.

Ukizidi ghafla, kagua kwa mpangilio huu.

Mafuta yamepungua? Hili ndilo chanzo namba moja na ndilo linalodharauliwa zaidi. Watu hupaka mara moja asubuhi, tabaka jembamba, kisha husema mafuta hayasaidii. Mtu mzima mwenye ukurutu ulioenea anaweza kumaliza hata gramu 500 kwa wiki, na mtoto gramu 250. Paka angalau mara mbili kwa siku, na mara zote ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hufanya kazi hiyo vizuri kabisa. Losheni ina maji mengi, ni nyepesi, inanukia vizuri, na kwa ngozi hii ni karibu kupoteza wakati. Angalizo moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta ya aina hii hushika moto haraka, kwa hiyo kaa mbali na moto na sigara.

Sabuni gani? Inayotoa povu jingi huondoa mafuta ya asili. Oga dakika 5 hadi 10 kwa maji ya uvuguvugu, tumia sabuni isiyo na manukato, kwenye kwapa, kinena na miguu tu kama inatosha. Usisugue kwa dodoki.

Kuna kipya kilichogusa ngozi? Sabuni ya kufulia, blanketi la sufu, marashi, mafuta ya mitishamba aliyoletewa mtoto na ndugu mwenye nia njema. Kitu kuwa cha asili hakikifanyi kiwe laini kwa ngozi iliyopasuka.

Kuna maambukizi? Yana sehemu yake hapa chini.

Chakula huwa cha mwisho, ingawa wazazi wengi hukitaja cha kwanza. Watoto wachanga wenye ukurutu mkali usiotulia wanaweza kuwa na mzio wa chakula, na dalili huambatana na kutapika, kuharisha au uvimbe wa ghafla baada ya kula. Kwa watu wazima ni nadra chakula kuwa chanzo. Kumnyima mtoto maziwa, mayai na karanga kwa kubahatisha humletea utapiamlo juu ya ukurutu, na kuondoa chakula kwa muda mrefu kunaweza kugeuza mzio mdogo kuwa mkubwa. Kipimo kwanza, kunyima baadaye, tena chini ya mtaalamu.

Vidonge vya mzio navyo hukatisha tamaa, kwa sababu muwasho wa ukurutu hauendeshwi sana na histamini, kemikali ya mwili ambayo vidonge hivyo huizuia. Vile vinavyoleta usingizi huweza kumsaidia mgonjwa alale usiku mbaya mmoja au miwili, basi.

Dalili: nilipaka, ikapona, nikaacha, ikarudi

Hapa ndipo matibabu mengi huvunjikia, na kosa huenda pande mbili zinazopingana: kupaka steroidi (dawa inayotuliza ngozi iliyowaka) kidogo mno kwa hofu, au kuipaka ovyo kwa miezi.

Kwanza soma jina la kiambato kwenye tyubu, usiishie kwenye jina la biashara. Haidrokotisoni asilimia 1 ni dhaifu, ya uso na watoto. Betamethasoni valereti asilimia 0.1 ni kali, ya mwili. Klobetasoli asilimia 0.05 ni kali kupita zote, ya viganja, nyayo na ngozi iliyokuwa nene, kwa muda mfupi. Usidanganywe na asilimia: klobetasoli ya 0.05 inaizidi haidrokotisoni ya 1 kwa mbali sana.

Kipimo: kamua mstari kutoka kwenye mkunjo wa juu wa kidole cha shahada cha mtu mzima hadi nchani. Huo ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Paka mara moja, au mbili kama ulivyoelekezwa, juu ya sehemu iliyowaka tu, mpaka ilainike na muwasho uishe. Weusi au weupe unaobaki si ugonjwa uliobaki. Ni kovu la rangi, litafifia kwa miezi, na steroidi hailiondoi. Kipimo cha kuacha ni kidole: ngozi ikiwa laini na haiwashi, acha. Kati ya steroidi na mafuta pitisha kama nusu saa.

Ikirudi sehemu ileile kila mara ndani ya siku chache, kuna njia ambayo wengi hawaambiwi: baada ya kutuliza mlipuko, endelea kupaka steroidi siku 2 tu kwa wiki kwenye maeneo yanayorudia, na mafuta kila siku. Kwa usoni na kwenye kope kuna takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi na isiyoifanya ngozi kuwa nyembamba, inayotumika kuanzia umri wa miaka 2. Huunguza siku za mwanzo kisha huzoeleka. Zote mbili panga na mtoa huduma.

Sasa upande wa pili. Steroidi kali iliyopakwa usoni kwa wiki nyingi huleta chunusi, vinyweleo, mishipa inayoonekana na ngozi nyembamba inayowaka mara inapokosa dawa. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli ndani yake, iwe imeandikwa au haijaandikwa, na zingine zina zebaki. Mtu anayezitumia kisha akaziacha ghafla huona uso mzima umeungua, akadhani ana mzio mpya, akairudia krimu, ikatulia, na mzunguko ukaanza upya. Ukiwa hapo, usipambane peke yako. Mwambie daktari jina la krimu bila aibu, maana bila hilo atatibu kitu kingine.

Tyubu zenye dawa tatu ndani, steroidi kali pamoja na ya fangasi na ya bakteria, naziweka kwenye kundi hilohilo la hatari. Zinauzwa kama jibu la kila kitu. Zinachofanya ni kutuliza muwasho huku fangasi akisambaa kimyakimya. Na sindano za steroidi au vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, kwa ukurutu wa kawaida: vinatuliza kwa siku kadhaa, kisha ukurutu hurudi kwa kishindo. Usiviombe.

Dalili: kuna duara

Mara nyingi ni choa, fangasi wa mwilini. Tazama ukingo: umeinuka, una magamba, unapanuka, na katikati panaelekea kupona. Mtihani mdogo: kwaruza taratibu ukingoni, magamba yakianguka pale na si katikati, fangasi anaongoza. Paka klotrimazoli au terbinafini, vuka ukingo kwa kama sentimita 2, na endelea wiki moja au mbili baada ya duara kutoonekana tena. Wengi huacha siku ya tano.

Kama uliwahi kupaka steroidi, ukingo huo hupotea na kinachobaki hakina sura ya kueleweka. Acha steroidi. Itawasha zaidi kwa siku chache, na hilo ni la kutarajiwa.

Ikifuatia kwa wingi ni ukurutu wa duara: mabaka mazima, katikati pakiwa pabaya sawa na pembeni, mara nyingi miguuni na mikononi, yanayotoa majimaji na kuwasha sana. Haya hutaka steroidi kali na mafuta mengi, kinyume kabisa na choa. Daktari akishindwa kutofautisha kwa macho, atakwaruza magamba na kuyatazama kwa hadubini. Kipimo ni chepesi na huokoa miezi.

Magamba meupe ya fedha, mazito, juu ya viwiko na mbele ya magoti, pamoja na kucha zenye vishimo vidogo: hiyo ni soriasi. Mwambie daktari pia kama viungo vinauma asubuhi.

Simama kama baka ni la rangi hafifu, haliwashi, na ukiligusa kwa pamba huku umefumba macho hakuna unachohisi. Baka lisilo na hisia huchunguzwa ukoma. Unatibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa, na kuwahi ndiko kunakookoa vidole na macho.

Dalili: mba hauishi

Magamba ya mafuta kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani ni ukurutu wa seborea. Unahusiana na malasezia, fangasi wa aina ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu. Kwenye ngozi nyeusi huacha mabaka mepesi ya rangi kuliko wekundu. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, povu likae kichwani dakika 5 kabla ya kusuuza, ndiyo njia ya kawaida. Mwenye nywele za kipilipili, kavu na zinazokatika, anaweza kwenda na mara moja kwa wiki na kuipaka kwenye ngozi ya kichwa tu. Kumimina mafuta kichwani kuficha magamba hulisha hamira hiyo. Ukurutu huu haukomeshwi, hudhibitiwa: ukitulia, osha mara moja kila wiki moja au mbili.

Kwa mtoto wa shule mwenye magamba na nywele zilizokatika kwa mabaka, fikiria mapunye. Krimu na shampuu pekee haziyaponyi. Fangasi amekaa ndani ya unywele, kwa hiyo vidonge vinahitajika kwa wiki kadhaa. Uvimbe laini wenye usaha kichwani mwa mtoto ni mapunye yaliyowaka, na kuchelewa huacha upara wa kudumu.

Seborea iliyotokea ghafla na kuenea usoni na kifuani kwa mtu mzima ni sababu nzuri ya kupima virusi vya Ukimwi, kama hujui hali yako.

Dalili: mikono imepasuka

Anza na maji na sabuni. Wauguzi, wasusi, wapishi, mafundi ujenzi, wafua nguo na akina mama wenye watoto wachanga wana ugonjwa mmoja: ngozi iliyochoshwa na kuloweshwa na kukaushwa. Huanza chini ya pete na katikati ya vidole. Vaa glavu za pamba ndani ya glavu za mpira unapofanya kazi ya maji, zivue zikilowa ndani, paka mafuta mazito kila baada ya kunawa. Kama mikono haina uchafu wa kuonekana, kitakasa mikono chenye alkoholi huumiza ngozi kidogo kuliko sabuni, hata kama kinachoma kwenye nyufa.

Mzio wa kugusa ndiyo sababu ya pili, na ni mgumu kuukamata kwa sababu huchelewa siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Fuata umbo la vipele. Ukanda wa saa, kifungo cha suruali chini ya kitovu na masikio yaliyotobolewa huelekeza kwenye metali iitwayo nikeli. Mgongo wa mkono hadi kifundoni, glavu za mpira. Fundi ujenzi, kromati iliyomo kwenye saruji. Paji la uso, masikio na shingo baada ya kupaka nywele rangi, kiambato cha rangi nyeusi, ambacho pia huchanganywa kwenye hina nyeusi ya haraka. Kope zinazovimba bila sababu hushangaza watu: chanzo huweza kuwa rangi ya kucha, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba na vidole hupita hapo siku nzima. Acha kinachoshukiwa kabisa kwa wiki kadhaa. Ukibaki gizani, omba kipimo cha mabandiko mgongoni, kinachosomwa baada ya saa 48 na tena siku chache baadaye. Kipimo cha damu cha mzio hakijibu swali hili.

Vimalengelenge vidogo vya ndani, vigumu, pembeni mwa vidole na viganjani, vinavyowasha kwa namna ya kumtia mtu wazimu, ni ukurutu wa viganja na nyayo. Usivitoboe. Loweka kwenye maji baridi, kisha steroidi kali kwa muda mfupi. Na kagua katikati ya vidole vya miguu: fangasi aliyeko huko chini anaweza kuamsha vimalengelenge mikononi bila yeye kuwepo mikononi.

Kiganja kimoja tu kikiwa kikavu chenye magamba, huku nyayo zote mbili ziko vivyo hivyo, huyo ni fangasi.

Dalili: miguu chini ya magoti

Kwa mzee, ugoko uliokauka na kupasuka kama tope la ziwa lililokaukiwa ni ukurutu wa ukavu. Mafuta mazito, kupunguza kuoga kwa maji ya moto, na baada ya wiki mbili hutamtambua.

Miguu iliyovimba jioni, yenye mishipa iliyojikunja, ngozi ya kahawia juu ya kifundo na muwasho, ina damu inayoshindwa kupanda. Krimu itatuliza juu tu. Inua miguu juu ya usawa wa moyo unapopumzika, tembea, na uliza kuhusu soksi za kubana. Usizivae kabla mapigo ya damu ya mguu hayajapimwa, kwa sababu mguu wenye mshipa uliobana ukiukandamiza unaweza kufa. Watu wenye kisukari na wavuta sigara wazingatie hili zaidi.

Miguu yote miwili ikiwa myekundu na inawasha, kwa kawaida ni ukurutu huu wa damu isiyopanda. Mmoja tu, una joto, unauma, na kuna homa: maambukizi. Mmoja umevimba shavu zima la mguu na unauma bila kidonda: damu iliyoganda, hospitali siku hiyohiyo.

Dalili: inatoa maji, ina gamba la njano

Bakteria aina ya stafilokoka hukaa kwenye ngozi ya wengi wenye ukurutu, kwa hiyo majimaji kidogo hayamaanishi antibiotiki. Kama mgonjwa ni mzima kwa jumla, safisha magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, endelea na steroidi na mafuta. Mafuta ya kopo yachotwe kwa kijiko safi, maana vidole vinavyorudi ndani huotesha bakteria humo. Gamba likizidi kusambaa, likiwa na usaha, tezi zikivimba au homa ikipanda, hapo antibiotiki ina kazi, tena ya kumeza kuliko ya kupaka kwa eneo kubwa.

Dalili: baka moja tu, miezi mingi

Baka nene lenye mistari ya ngozi iliyokolea, mahali mkono unapofika kirahisi kama kisogoni, kifundoni au kwenye korodani, kwa kawaida limejengwa na kukuna kwenyewe. Mkono hukuna bila mwenyewe kujua. Steroidi kali usiku, kisha funika kwa bendeji ili vidole vikute kitambaa.

Lakini ukurutu wa chuchu moja tu usiopona kwa steroidi ndani ya wiki chache hupelekwa kwa daktari wa matiti, kwani aina moja ya saratani huanza hivyo hasa. Baka linalotoka damu au kuinuka polepole, na ukurutu mpya kwa mtu mzima usiojibu dawa yoyote, hukatwa kipande kidogo kikapimwa.

Ukienda kwa daktari wa ngozi, beba tyubu zote, hata zilizokwisha, na picha ulizopiga siku ngozi ilipokuwa mbaya, maana siku ya miadi huwa imetulia. Kama unaenda kukwaruzwa kipimo cha fangasi, uliza kama uache krimu ya fangasi kwanza: iliyopakwa jana inaweza kufanya jibu litoke hasi wakati fangasi bado yupo.